Ahadi na Ukomo: Uhakiki wa Uteuzi wa Nukta za Mistari Iliyopinda katika Maktaba ya Java

Skrini huonesha mstari uliopinda kwa kuunganisha vipande vifupi vilivyonyooka. Swali la msingi ni idadi ya vipande hivyo. Maktaba ya programu inayotumia idadi moja kwa kila mstari hupoteza nukta mahali palipokaribia kunyooka na kupungukiwa nazo mahali palipopinda sana. Sehemu hii inahakiki suluhisho lililomo katika Java tangu toleo la 1.2, yaani klasi ya FlatteningPathIterator.

Klasi hiyo hupokea hitilafu inayoruhusiwa na ukomo wa kugawa. Kila mpindo hugawanywa nusu kwa nusu hadi umbali wa nukta dhibiti kutoka mstari unaounganisha ncha zake uwe mdogo kuliko hitilafu hiyo. Vipande hutolewa kimoja baada ya kingine, hivyo mtumiaji halazimiki kujua idadi yake mapema. Tuchukue parabola ya Bézier yenye nukta (0, 0), (50, 100) na (100, 0). Kwa hitilafu ya 0.25, ukokotozi wetu unatoa vipande 26: sehemu za pembeni hugawanywa mara nne, na sehemu ya kati mara tano. Nukta ya pili ikihamishiwa (50, 0), kipande kimoja kinatosha. Hapa urefu wa tokeo unafuata umbo lenyewe, na hiyo ndiyo nguvu ya mbinu hii.

Udhaifu wake umo katika ukomo. Usipotajwa, ukomo huwa 10, yaani vipande visivyozidi 1,024 kwa kila mpindo. Unapofikiwa, ugawaji husimama bila kupima hitilafu. Tukiweka ukomo wa 3 kwa parabola ileile, tunapata vipande 8, na karibu na kilele mpindo unaachana na kipande chake kwa takribani 0.76, zaidi ya mara tatu ya kiwango kilichoombwa. Vipande hivyo havina alama yoyote ya kasoro hiyo. Kuvihesabu hakusaidii pia, kwa kuwa sehemu moja ya mpindo inaweza kugonga ukomo huku nyingine zikiwa zimetosheka mapema.

Inaweza kujibiwa kwamba hati za maktaba zinaeleza jambo hili waziwazi, na kwamba ukomo ni wa lazima: hitilafu ikiwa sifuri, ugawaji usingekoma kamwe. Hoja zote mbili ni sahihi. Hata hivyo, hati humweleza msomaji kinachoweza kutokea. Hazimwelezi mwandishi wa programu kilichotokea katika mchoro wake. Kwa hiyo tasnifu hii inadai kwamba maktaba inayotoa tokeo la urefu usiojulikana inawajibika kutoa, pamoja na kila kipande, taarifa ya iwapo kilikubaliwa kwa kupimwa au kwa kufikia ukomo. Bila taarifa hiyo, hitilafu iliyoombwa inabaki kuwa ombi tu.