Rindi, Sina na Kalamu ya Mgeni

Historia ya Wachagga aliyoitoa Kathleen Stahl mwaka 1964 ina fadhila moja kubwa: imempa Sina wa Kibosho haki yake. Kabla ya hapo, jina lililovuma ugenini lilikuwa la Rindi wa Moshi, aliyeitwa pia Mandara. Si kwa mkuki. Kwa mkuki Sina alimshinda. Hata Wissmann ilimbidi apande na jeshi mwaka 1891 ili kumtiisha. Rindi alikuwa na ulimi. Alikijua Kiswahili, lugha ya misafara, na ukarimu wake ulikuwa na hesabu: Charles New alifika kwake 1871, Johnston 1884, na mwaka 1885 akafunga mkataba na Jühlke. Na waandishi, kama ijulikanavyo, husifu walikolala.

Kasoro ya Stahl ni mpangilio. Anasimulia umangi mmoja mmoja, hata ushindani wenyewe msomaji huuokota vipande vipande. Kipande kichungu kimo upande wa Marangu: Marealle aliucheza mchezo uleule wa Rindi, kwa Wajerumani walewale, na tarehe 2 Machi 1900 Meli, mwana wa Rindi, akanyongwa Moshi.