Machenza Dirishani

Mwandishi wa Kijapani Akutagawa Ryunosuke alipokuwa akifundisha Kiingereza katika chuo cha jeshi la majini huko Yokosuka, treni ilikuwa sehemu ya maisha yake. Humo ndani alipata hadithi ya kurasa chache tu, "Mikan", yaani machenza, iliyochapishwa mwaka 1919.

Bwana mmoja aliyechoshwa na maisha ameketi katika behewa la daraja la pili, jioni ya baridi. Anaingia msichana wa shamba, mashavu yamepasuka, mkononi tiketi ya daraja la tatu. Bwana anamchukia papo hapo: sura yake, nguo zake, hata kutojua kwake behewa lake. Kisha treni inapoingia handakini, msichana anafungua dirisha. Moshi wa makaa unajaa behewa zima na bwana anakohoa hadi pumzi zinamwishia. Treni inatokea upande wa pili. Kando ya reli, penye vibanda vya kimaskini, wamesimama wavulana watatu, na msichana anawarushia machenza matano au sita. Ndipo bwana anapoelewa: huyu anakwenda kuwa mtumishi wa watu, na wadogo zake wamekuja kumuaga.

Huwa naisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Charles De Wolf, ndani ya treni ya asubuhi kutoka Syokimau kwenda katikati ya Nairobi. Mahali pake hasa ni pale, kwa sababu yule bwana ni kila mmoja wetu tuliobanana behewani, tukihukumiana kwa viatu na mizigo. Kinachonishangaza zaidi ni jinsi mfasiri anavyojizuia. Akutagawa hasemi msichana anahisi nini, na De Wolf hamsemei. Kunyamaza pale mwandishi aliponyamaza ni kazi ngumu, maana msomaji haioni wala haishukuru.

Mwandishi mwingine wa Kijapani, Kawabata Yasunari, alishukuru. Riwaya yake *Yukiguni*, ambayo nayo inaanza kwa treni kutoka handakini na kuingia nchi ya theluji, ilitafsiriwa na Edward Seidensticker mwaka 1956. Kawabata alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1968, alimgawia mfasiri wake nusu ya fedha. Naona alitenda haki kamili. Majaji wa tuzo hiyo huko Stockholm walihitaji mtu wa kuwavusha, kama ninavyomhitaji mimi.

Ila mimi navushwa mara mbili, kwanza hadi Kiingereza, kisha peke yangu hadi Kiswahili, lugha ninayoota nayo. Lakini huko Japani, Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili. Wenye lugha zote mbili wapo. Akutagawa alifariki mwaka 1927 na hakimiliki ya kazi zake imekwisha. Waanze na "Mikan", moja kwa moja kutoka Kijapani. Ni fupi, inamalizika kabla treni haijafika mjini, na machenza tunayajua.