Gari Lipo, ila Halijafika Yadi

Mwishoni mwa 2021, mnunuzi aliyeingia kwa wakala wa magari mapya nchini Marekani alikuta lami tupu, na magari machache yameegeshwa kwa kuachana ili yadi isionekane imekauka. Nchi iliyozoea kuwa na zaidi ya magari mapya milioni 3 yakisubiri wateja ilikuwa imebaki na karibu milioni 1 tu. Mtu asiyechagua aliondoka na chochote kilichokuwepo. Aliyetaka daraja fulani la gari, na rangi yake na mfumo wake wa kuendesha magurudumu, aliambiwa asubiri miezi au aongeze maelfu ya dola juu ya bei ya kiwanda. Kampuni ya Edmunds, inayofuatilia bei za magari, ilikuta kwamba Januari 2022 zaidi ya wanunuzi 80 katika kila 100 walilipa kupita bei iliyoandikwa kwenye stika.

Wachache walipata walichokitaka bila nyongeza. Njia yao inafaa kuchambuliwa, maana walilitafuta gari kabla halijafika yadi.

Chanzo cha uhaba kinajulikana, nitakipitia haraka. Viwanda vya magari vilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya corona, vilifuta oda za chipu, na watengenezaji wa chipu wakahamia kwa wateja wa kompyuta na vifaa vya nyumbani. Wanunuzi wa magari waliporudi mapema kuliko ilivyotarajiwa, viwanda vilikuta foleni. Februari 2021 baridi kali ikazima viwanda vya chipu mjini Austin, Texas. Tarehe 19 Machi moto ukaunguza sehemu ya kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Na katikati ya mwaka Malaysia, ambako chipu nyingi hupimwa na kufungashwa, ikajifungia kwa corona. Toyota ilikuwa na akiba, kwa kuwa baada ya tetemeko la Japani la 2011 iliwataka wanaoiuzia vipuri waweke chipu za miezi kadhaa. Hata hivyo, Septemba 2021 nayo ilipunguza uzalishaji wake duniani kwa asilimia 40.

Jambo ambalo wengi hawakulitazama ni kwamba uhaba huu haukuyagusa madaraja yote sawasawa. Kiwanda chenye chipu chache hakizigawi kwa huruma. Kinazipeleka kwenye gari linaloacha faida kubwa, yaani lenye viti vya ngozi, paa la kioo na skrini pana. Daraja la chini, lile la mtu anayehesabu kila dola, ndilo lililotoweka kwanza. Na hata daraja la juu halikuwa kamili: Novemba 2021 General Motors iliondoa viti vya kupasha joto kwenye baadhi ya magari yake kwa kukosa chipu. Gari mbili za jina moja, mwaka mmoja na daraja moja zingeweza kutofautiana kwa vilivyomo ndani, na kitabu cha matangazo kisingekuambia.

Sasa twende kwenye bomba lenyewe, yaani njia ya gari kutoka kiwandani hadi yadi. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria haziruhusu kiwanda chenye mawakala kumuuzia mteja moja kwa moja. Wakala mwenye leseni hulinunua gari kutoka kiwandani, kisha analiuza. Kiwanda nacho hugawa magari kwa kuangalia, pamoja na mengine, kasi ya mauzo: anayemaliza mgao wake haraka hupewa zaidi mgao unaofuata. Ford hupokea oda ya mteja mmoja mmoja, anayechagua kila kitu mwenyewe. Toyota kwa kawaida haifanyi hivyo huko. Wakala wake huomba aina anazopendelea, kisha hupokea alichopangiwa.

Kwenye kompyuta ya wakala wa Toyota, kila gari lina herufi. A ni gari lililogawiwa lakini bado halijaundwa au linakaribia kutoka kiwandani. F liko njiani, kwenye treni, lori au meli. G limeshashuka yadi. Mnunuzi wa kawaida aliangalia G peke yake, kwa kuwa ndiyo anayoweza kuipiga tairi teke. Wakati wa uhaba, karibu kila G ilikuwa imeshalipiwa na mtu aliyelishika gari lilipokuwa bado A. Kwa hiyo ukiuliza "mna gari gani?" unajibiwa hakuna, na muuzaji wala hajakudanganya. Swali lililofungua mlango lilikuwa jingine: katika mgao unaokuja kuna daraja hili, na je, lina mwenyewe? Kisha unaweka hela ya kushikia gari, kwa maandishi kwamba inarudishwa, na bei ya mwisho imeandikwa humo humo. Wakala aliyekataa kuandika bei hakuwa na gari la kukuuzia, alikuwa na mnada.

Chukua mkazi wa Houston, Texas, anayetaka Toyota Sienna ya daraja la XLE, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Sienna zote za Marekani tangu toleo la 2021 ni haibridi, na zinaundwa Princeton, Indiana. Lakini magari ya Toyota yanayoingia Texas hupitia kwa Gulf States Toyota, kampuni binafsi iliyoanzishwa 1969, inayosambaza katika majimbo matano: Texas, Oklahoma, Arkansas, Louisiana na Mississippi. Msambazaji huyo huongeza vifaa vyake kabla gari halijafika kwa wakala, na bei ikapanda kabla muuzaji hajafungua kinywa. Akivuka hadi Kansas au Colorado, mkazi huyu anaingia kwenye bomba jingine la mgao, lenye nyongeza tofauti. Kodi ya mauzo kwa kawaida inafuata jimbo analolisajilia gari, kwa hiyo safari haimwokolei kodi, ila inaweza kumwokolea vifaa ambavyo hakuviomba.

Kwa maoni yangu wakala wa mji mdogo alikuwa dau bora kwa daraja adimu. Mgao wake ni mdogo, lakini foleni yake ni fupi, na wateja wake ni majirani atakaokutana nao kanisani wiki ijayo.

Ukishalishika gari, kulihakiki ni kazi ya macho. Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17. Ya kwanza ikiwa J, limeundwa Japani. 1, 4 au 5 ni Marekani. 2 ni Canada. 3 ni Mexico. Ya kumi ni mwaka wa toleo: M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023. RAV4 Prime ya Toyota huanza na J, hivyo muuzaji akikuambia ipo kwenye lori kutoka Kentucky, muulize tena. Halafu kuna stika ya dirishani, ya lazima tangu sheria ya 1958 iliyosukumwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma: bei ya kiwanda, kila kifaa, mahali gari lilipoundwa, na jina la wakala lilikopelekwa. Aliyezoea kusoma karatasi za mnada za Japani kabla gari halijapakiwa kwenda Mombasa au Dar es Salaam hatapata shida hapo. Karatasi ya kuogopa ni ile ya pili iliyobandikwa pembeni yake na wakala, yenye nitrojeni ya matairi, rangi ya kinga, na mstari unaoitwa marekebisho ya soko usioeleza chochote.

Tangu 2023 yadi zimeanza kujaa tena, na mbinu hizi sasa zinahitajika zaidi kwa haibridi chache. Anayetafuta gari dogo la bei ya chini, hata hivyo, hana mgao wa kuulizia. Chevrolet Spark na Hyundai Accent ziliondolewa soko la Marekani baada ya toleo la 2022, Kia Rio baada ya 2023, na Mitsubishi Mirage ikafuata baada ya toleo la 2024.