Kifuu Kinachosafisha Maji ya Matumbawe

Huko Mwera, wilayani Pangani, nazi ikishakunwa, kifuu hakibaki na heshima kubwa. Kimoja kitafanywa upawa, vilivyobaki vitaishia mekoni. Mimi nakitetea. Kaboni inayochuja maji ya matangi ya kioo ya kufugia matumbawe, Ulaya na Marekani, hutokana pia na vifuu, na ufundi wa kuipata unastahili kutazamwa bila haraka.

Unaanza na moto. Vifuu vikavu, visivyo na makumbi, hupangwa ndani ya pipa, vikawashwa, kisha hewa ikabanwa. Hapo mchomaji kazi yake ni kusoma moshi. Mwanzoni hutoka mzito na mweupe, kwa sababu ya unyevu. Ukianza kuwa mwembamba, wa samawati, huziba pipa kwa udongo asiache upenyo, akaliacha lipoe lenyewe. Akiziba mapema, vifuu havijaiva ndani. Akichelewa, anazoa majivu. Kilo 100 za vifuu hutoa kilo 25 hadi 30 tu za makaa. Yaliyoiva hutambulika kwa sikio: yakidondoshwa sakafuni hutoa mlio wa chuma.

Bado hayo ni makaa ya kupikia. Kiwandani huvunjwavunjwa na kupitishiwa mvuke kwenye tanuri la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke hula mkaa kwa ndani na kuacha vitundu, vingi vikiwa na upana usiofika nanomita 2. Ungeweza kuzikunjua kuta za vitundu hivyo, gramu nane tu zingetandaa kuliko uwanja wa mpira. Uchafu hunata kwenye kuta hizo. Wachimbaji wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa wanaijua bidhaa hii vizuri, nao huiita kaboni tu. Ndiyo inayonasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi. Huko ugumu wa kifuu ndio unaosifiwa, maana chembe husuguana mchana na usiku bila kumeguka ovyo.

Turudi majini. Kwenye miamba ya Maziwe, kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani kilichotengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, maji hupwa na kujaa, na uchafu huenda zake. Tangini hakuna bamvua. Mabaki ya chakula hutia maji umanjano, na matumbawe laini hutoa sumu za kuwazuia majirani wasisogee. Bila kaboni, sumu hizo huzunguka humo humo.

Mfugaji hodari huosha chembe mpaka weusi uishe, akazitia kwenye mfuko wa wavu, mahali maji yanapopita taratibu. Huanza na kidogo. Maji yakitakata ghafla, mwanga huzama kwa nguvu na matumbawe huungua, jambo ambalo wenye pupa hulijua wakiwa wamechelewa. Kisha husimamisha sahani nyeupe upande mmoja wa tangi, akaitazama kutoka upande wa pili, kupitia urefu wote wa maji. Ikionekana ya manjano, kaboni imeshiba, ibadilishwe. Sijaona kipimo cha bei kubwa kinachonipendeza kuliko hicho.

Wako wanaosema kaboni ya makaa ya mawe hunasa umanjano vizuri zaidi, kwa kuwa vitundu vyake ni vipana. Ni kweli. Ya vifuu huzidi kwa ugumu na kwa uchache wa vumbi, na kwa molekuli ndogo haina mpinzani. Ila hakuna kati ya hizo mbili inayoondoa amonia wala naitreti kwa kiasi cha maana. Hiyo ni kazi ya bakteria na ya kubadilisha maji. Ukienda kununua, uliza kama imeoshwa kwa asidi, kwa sababu baadhi ya kaboni huachia fosfeti, na fosfeti ni chakula cha mwani.