Meli ya Vipande 3,481

Mchongaji wa mtumbwi kando ya Ruvuma hufanya kazi kwa kupunguza. Huchagua gogo, akalilaza, akaanza kutoa kisichohitajika mpaka kibaki chombo. Mchonga vinyago wa Kimakonde naye ni hivyo hivyo na mpingo wake. Sisi wa Masasi na Newala tumekua tukiuheshimu ufundi huo wa kutoa, na pengine ndiyo sababu nilichelewa kuustahi ufundi wa kuunga. Aliyenifundisha ni meli moja ya chuma yenye jina la mtu aliyekanyaga vilima vyetu.

Aliyesoma Chidya anajua kwamba shule ile ni zao la misheni ya Kianglikana ya UMCA. Misheni hiyo ilifika Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani. Padri Chauncy Maples akafuata. Wangoni walipoishambulia Masasi mwaka 1882, alihamia Newala. Mwaka 1895 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Likoma, na Septemba ya mwaka huo huo akafa maji Ziwa Nyasa, mashua yake ilipozidiwa na dhoruba. Wenzake walipopata meli ya mvuke ya kufundishia, kutibia na kusalia ziwani, wakaiita Chauncy Maples.

Ilitengenezwa Glasgow mwaka 1899, katika karakana ya Alley & McLellan, kwa michoro ya Henry Brunel. Urefu wake ni kama mita 38. Tatizo ni kwamba Ziwa Nyasa halifikiki kwa meli kutoka baharini, kwa kuwa Mto Shire una maporomoko. Basi ikasafirishwa ikiwa vipande 3,481.

Hapo ndipo ninapopenda kukaa. Meli ya kusafirishwa hivyo huungwa kwanza kwa bolti za muda tu: mkuku, mataruma, kisha mabamba ya ubavuni. Fundi huhakikisha kila tundu limekutana na mwenzake, huandika alama kwenye kila kipande, halafu huifumua kazi yake yote. Fikiri subira ya mtu anayejenga akijua atabomoa, na kwamba mikono itakayomalizia iko bara jingine. Alama moja ikikosewa Glasgow, atakayeumia ni fundi aliye porini, asiye na duka la vyuma karibu.

Vipande vilipanda Zambezi na Shire, vikashushwa chini ya maporomoko, vikabebwa kwa nchi kavu. Boila lilikuwa na uzito wa tani 11 na halikuweza kugawanywa. Liliwekewa magurudumu, likavutwa na Wangoni wapatao 450 kwa mwendo wa kilomita 100 hivi, siku nzima ikiishia kilomita tano. Hawakuwa Wangoni wa Songea walioishambulia Masasi, lakini ni watu wa asili moja, na mimi huwa nasimama kidogo kila nikifika hapo. Kuvuta tani 11 mlimani bila kuziachia zirudi nyuma ni ufundi pia: kupokezana kamba, kushika pumzi pamoja, kujua nani atie gogo nyuma ya gurudumu na kwa wakati gani.

Kwa Mponda, Mangochi ya leo, ikaanza kazi ya ribiti. Ribiti huwekwa makaani mpaka iive nyekundu, hunyakuliwa kwa koleo, hupenyezwa tunduni. Mmoja huukandamiza upande wenye kichwa kwa chuma kizito, mwingine huuponda ule wa pili kwa nyundo kabla haijapoa. Ikipoa husinyaa, na katika kusinyaa huyabana mabamba mawili yawe kama moja. Baridi ndiyo inayomalizia kazi. Meli ilishushwa majini mwaka 1901, ikafanya kazi kwa miongo mingi. Baadaye ilivua samaki, ikabeba abiria, na mwaka 1967 ikafungwa injini ya dizeli.

Sisi tunayo meli ya Liemba ya Kigoma, iliyotoka Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 katika masanduku 5,000. Mafundi wake walizipaka mashine grisi kabla ya kuizamisha meli vitani mwaka 1916, na ilipoibuliwa mwaka 1924 grisi hiyo ilikuwa imeziokoa. Kwangu, hao ni ndugu wa wale wa Glasgow: walimtayarishia kazi fundi wasiyemjua.

Chauncy Maples ilipumzishwa Monkey Bay, Malawi. Mpango wa kuigeuza kliniki ya ziwani ulisitishwa mwaka 2017. Naiona inafaa kuwa makumbusho, na ninawaomba wenye mamlaka Malawi na kanisa la upande wetu walizungumze hilo pamoja. Ndani yake pawekwe bamba moja lenye alama ya Glasgow, ribiti zake, na kamba nene kama ile ya wavuta boila. Watoto wa Chidya wapelekwe, waishike.