Istilahi za Kumhudumia Majeruhi: "Imara" na "Kupewa Rufaa"

Miongoni mwa tafsiri zinazohitaji uangalifu wa pekee ni zile za miongozo ya kuwahudumia majeruhi vijijini. Msomaji wake aghalabu ni mtabibu wa zahanati aliye peke yake zamu ya usiku. Mbele yake amelala mtu aliyeanguka na pikipiki, na hospitali ya wilaya iko mbali. Hapo neno lisilo wazi laweza kumpotezea majeruhi saa nzima.

Tuanze na neno "imara". Wafasiri huandika: "Hali ya majeruhi ikiwa imara, aweza kusubiri." Katika Kiswahili kitu imara ni kile chenye nguvu, kisichotikisika: nyumba imara, msimamo imara. Lakini mtaalamu wa tiba hakukusudia nguvu. Alikusudia kwamba, katika muda wa kupimwa, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu havikubadilika. Tofauti hiyo si ndogo. Kijana anayevuja damu tumboni aweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake kabla shinikizo halijashuka. Awali huonekana tu moyo kwenda mbio na ngozi kuwa baridi. Mtu huyo akiandikwa kuwa imara, hakuna atakayeharakisha kuita gari.

Tunapendekeza "hali isiyobadilika", na muda utajwe: "hali haijabadilika tangu saa mbili usiku". Ama kazi ya kuzuia damu, kufungua njia ya hewa na kufunga gango penye mfupa uliovunjika kabla ya safari, iitwe "kudhibiti hali". Isiitwe "kuimarisha hali", kwani maneno hayo huahidi nafuu ambayo bado haijapatikana.

Neno la pili ni "rufaa". Kutoka mahakamani limehamia hospitalini, nalo limekwisha kuzoeleka; hatuoni sababu ya kulitupa. Kasoro imo katika kitenzi. Tusomapo "majeruhi apewe rufaa", tunaelewa kwamba kuna kitu anachokabidhiwa, na kitu hicho ni barua. Ndivyo jamaa zake wanavyobaki na karatasi mkononi, wakihangaika kutafuta gari na nauli. Ilhali maana ya kitaalamu ina mambo manne: kuchagua hospitali yenye uwezo wa kumtibu, kuiarifu mapema, kumpatia chombo na mtu wa kumwangalia njiani, na kumkabidhi pamoja na maelezo ya aliyotendewa. Kwa hiyo yafaa kusema "kumpeleka kwa rufaa", na mtendaji atajwe: "Mtabibu wa zamu ampeleke majeruhi kwa rufaa." Kauli ya kutendwa, "apelekwe", humficha anayewajibika.

Huenda wengine wakasema kwamba mwongozo hutaka ufupi, na kwamba neno halileti gari mahali pasipo na gari. Hoja zote mbili ni za kweli. Hata hivyo, ufupi unaomwacha msomaji akikisia haumsaidii. Na penye gari moja tu, ndipo inapobidi ijulikane hasa nani aamue liondoke lini, na liende wapi.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na hasa watuletee maoni ya watabibu wenyewe, kabla hayajapitishwa kuwa sanifu.