Fundi Rangi Huanza kwa Kungoja

Lipu mpya inapomalizika, mwenye nyumba hutaka kujua ukuta utakuwa wa rangi gani. Fundi rangi hodari huuliza kwanza lipu ilipigwa lini, na kwa mchanganyiko gani. Katika maswali hayo mawili ndipo ufundi wake unapoanzia, na mimi nauheshimu sana.

Lipu ya saruji na mchanga ikiwa mbichi huwa na maji mengi ndani, na ukali wake hufika pH 12 hadi 13. Ukiiwahi kwa rangi ya mafuta, ukali huo huyageuza mafuta kuwa sabuni: rangi hulainika, hunata, kisha hubanduka. Nayo maji yanapotafuta njia ya kutoka, huja na chumvi inayobaki juu kama unga mweupe. Kwa hiyo fundi huacha madirisha wazi na kungoja siku 28 hivi, na masika huongeza.

Hata hivyo haamini kalenda peke yake. Hubandika kipande cha nailoni ukutani, akakiziba pande zote kwa selotepu, akakiacha usiku kucha. Asubuhi akikuta matone ndani yake, anaahirisha kazi. Hugonga ukuta kwa vifundo vya vidole akisikiliza mahali lipu ilipoachana na tofali. Huweka taa ubavuni mwa ukuta, na kila wimbi lililofichwa na mwanga wa mchana hujitokeza. Hapo huingia skimu na msasa, kisha vumbi hufutwa lote.

Ndipo anapochagua. Mkono wa kwanza ni praima inayostahimili ukali wa saruji. Juu yake hupenda rangi ya maji, kwa kuwa unyevu uliosalia hupata pa kupitia. Sebuleni na chumbani huchagua isiyong'aa, maana mng'ao hutangaza kila kasoro ya lipu. Jikoni na kwenye korido, penye mikono na mafuta, huchagua inayofutika. Rangi yenyewe huijaribu ukutani, mikono miwili, akaitazama asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka, kwa sababu krimu ya kwenye kitabu cha rangi huweza kuwa manjano mbele ya dirisha la magharibi.

Katika nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kanuni hiyohiyo ya kuuachia unyevu pa kutokea ina umri mkubwa zaidi. Kuta zake za mawe ya matumbawe zilipigwa lipu ya chokaa, zikapakwa chokaa. Chokaa hukomaa polepole kwa kunywa kaboni dayoksaidi iliyomo hewani, na huruhusu ukuta kupumua. Ukiufunika ukuta wa namna hiyo kwa saruji au rangi ya mafuta, unyevu hunaswa ndani na lipu huanza kuanguka. Fundi anayezijua nyumba hizo huchagua chokaa tena, kwa kuwa ndiyo ukuta unayoikubali.

Kwa kawaida tunamlipa fundi rangi kwa chumba au kwa mita, na siku za kungoja tunaziona za uvivu. Siku hizo ni sehemu ya kazi. Anayejenga aziandike kwenye mapatano tangu mwanzo, na fundi atakayesema "bado" asikilizwe kama anavyosikilizwa mhandisi.